Sampu inamwaga maji kila umeme ukikatika, na bomba la kushuka linakoroma. Msaada wakuu

mdau_tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na matangi ya maji chumvi. Wa maji baridi nao wakaribie, bomba ni bomba.

Nina tangi la sentimita 120 kwa 50, kimo 50, liko sebuleni hapa Tabata. Ndani kuna mawe, matumbawe laini, samaki kangaja mmoja mkorofi, samaki wawili wa anemoni, kamba na konokono. Kona ya nyuma kuna kisanduku cha ovaflo, kinachopokea maji yanayozidi, chenye meno juu, na chini yake kioo kimetobolewa mara mbili: tundu moja ni la bomba la inchi moja linaloshusha maji, la pili ni la bomba la robo tatu linaloyapandisha. Kabatini kuna sampu, yaani tangi la chini la kuchujia maji, ya 75 kwa 35, kimo 35, yenye soksi ya kuchujia, skima (inayotoa uchafu kwa povu) na chumba cha pampu. Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa.

Sasa sikilizeni kero. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, maji ya juu yanashuka mpaka sampu inafurika. Linalofika sakafuni ni kama ndoo kubwa nzima. Mke wangu ameshahamisha zulia, sasa anazungumzia kuhamisha tangi. Fundi aliyenifungia aliweka cheki valvu, ile ya kuzuia maji yasirudi nyuma, kwenye bomba la kupandisha, ikafanya kazi vizuri miezi ya mwanzo, siku hizi ni kama haipo. Yeye anasema ninunue nyingine kubwa zaidi.

Pili, bomba la kushuka linakaa kimya kitambo, halafu linavuta ghafla kwa mkoromo, kisha kimya tena. Usiku kucha. Tatu, na hili ndilo linalonitisha: umeme ukirudi, mara nyingine maji hayashuki kabisa. Kisanduku kinajaa, tangi la juu linapanda hadi ukingoni, mimi mbio kwenye swichi. Nikizima na kuwasha tena yanashuka vizuri tu. Juu ya hayo tangi limejaa viputo vidogo vidogo, na matumbawe siku hizi yamejikunja.

Kila yakimwagika najazia maji ya chujio. Jirani amenishauri nifunge geti valvu, ile ya kufungwa kidogokidogo kwa kuzungusha, kwenye bomba la kushuka, nimeiona hadiwea, ile ya manjano. Niweke?

jembe_la_kale

Weka beseni mkuu, maisha yaendelee.

Natania. Nafuatilia uzi huu, tangi langu la maji baridi nalo linakoroma vilevile.

fundibomba_tanga

Mdau, ile valvu ya manjano iache hukohuko hadiwea. Nitakueleza baadaye kwa nini. Na cheki valvu kubwa zaidi usinunue bado.

Mimi kazi yangu ni mabomba ya majumbani, na matangi ya samaki nilianza kwa kuitwa kurekebisha ya watu mpaka nikawa na langu. Ninachokiona kwenye maelezo yako ni hitilafu mbili tofauti zilizofungwa kamba moja. Moja iko kwenye bomba la kupanda, nyingine kwenye la kushuka. Usitafute dawa moja.

Usisubiri umeme ukatike wenyewe. Mchana, ukiwa na ndoo na mataulo, bandika tepu kwenye kioo cha sampu pale maji yalipo, kisha chomoa pampu. Kaa utazame. Sampu ikikaribia kujaa, inua mdomo wa bomba la kurudisha juu ya maji na yatakata palepale. Halafu uniletee vipimo hivi: mdomo huo umezama sentimita ngapi chini ya uso wa maji, sampu ina maji kimo gani pampu ikiwa inazunguka, mwisho wa bomba la kushuka umezama kiasi gani ndani ya sampu, na njiani bomba hilo lina kona ngapi na kipande kilicholala kina urefu gani.

Kabla ya yote hayo, tazama ekstensheni yako ya umeme iko wapi. Kama imelala sakafuni mwa kabati, iondoe leo. Ipigilie ukutani juu, nje ya njia ya maji, na kila waya uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kuingia, ili tone likifuata waya lidondoke pale chini lisifike kwenye plagi.

mdau_tabata

Fundi, ekstensheni ilikuwa sakafuni kweli. Nimeshaitoa.

Vipimo: mdomo wa kurudisha umezama sentimita 8, uliwekwa hivyo makusudi ili maji yasirushe matone kwenye taa. Sampu ina maji sentimita 24 pampu ikizunguka. Bomba la kushuka limezama sentimita 15, linafika karibu na kitako cha soksi. Kona ni mbili, zote za nyuzi 90, katikati yake kuna kipande kilicholala kama sentimita 30. Nilipochomoa pampu nilisikia maji yakirudi kwa kasi kupitia hiyohiyo pampu, na hayakukata mpaka nilipouinua ule mdomo.

fundibomba_tanga

Vizuri. Chukua kalamu.

Pampu ikisimama, bomba la kurudisha linageuka mpira wa kunyonyea mafuta kwenye tangi la gari. Mdomo wa juu ukiwa umezama na wa chini uko chini zaidi, maji yanashuka tu hadi mdomo wa juu upate hewa. Kwako hewa inapatikana sentimita 8 chini. Zidisha 120 kwa 50 kwa 8, unapata lita 48. Ongeza kama lita 3 za kisandukuni na za mabombani, jumla 51. Sampu yako ina eneo la 75 kwa 35, kwa hiyo lita 51 zinapandisha maji sentimita 19. Ulianza na 24, umefika 43. Sampu ina kimo 35. Zile sentimita 8 za juu ni lita 21, na ndoo kubwa ni lita 20. Umeiona ndoo yako?

Ndiyo maana sikutaka ununue cheki valvu. Mahali pa maji safi ya bomba kifaa hicho kinadumu, lakini maji ya bahari yana mchanga, chokaa na vijinyoo vinavyojijengea maganda kila panapopita maji. Punje moja tu ikikaa kwenye kikofia chake, hakifungi tena. Iwe kubwa au ndogo, itashindwa kufunga. Iache ipunguze kasi ya maji kurudi, lakini hesabu ya sampu ifanye kana kwamba haipo.

Dawa ni kupandisha mdomo. Uweke sentimita 2 chini ya uso, uuelekeze kidogo juu, na kama matone yanafika kwenye taa, inua taa. Hesabu mpya: 120 kwa 50 kwa 2 ni lita 12, na zile 3 ni 15. Sampu inapanda sentimita 6 hivi, kutoka 24 hadi 30. Zinabaki 5 za akiba, na unazihitaji, kwa sababu skima nayo ikizimika inaachia maji iliyokuwa imeyashikilia. Ukimaliza piga mstari wa rangi kwenye sampu: pampu ikizunguka, maji yasizidi hapo hata siku moja. Jaribio lifanye sampu ikiwa imejazwa hadi mstari huo. Ukilifanya wakati maji yamepungua kwa jua, utajidanganya.

Tuje kwenye mkoromo. Bomba la kushuka lina hali mbili za kutulia: ama limejaa maji tupu bila hewa, ama maji yanateleza pembeni na hewa inapita katikati. Lako haliko huku wala kule. Pampu inaleta maji mengi kuliko yanavyoweza kupita pamoja na hewa. Kisanduku kinapanda, kinafunika mdomo wa bomba, hewa inakatwa, sifoni inaanza, yaani maji yanajivuta yenyewe bombani. Sifoni ina nguvu kuliko pampu, inakomba kisanduku, inameza hewa, inakoroma, inakufa. Kisha upya. Hewa hiyo inayomezwa ndiyo sehemu kubwa ya viputo vyako.

Na maji kugoma kushuka umeme ukirudi ni hewa iliyonaswa. Pampu iliposimama bomba lilibaki na hewa, hasa kwenye kile kipande kilicholala. Ili itoke lazima isukume sentimita 15 za maji pale mwisho wa bomba, na maji ya kisandukuni hayana kimo cha kuisukuma. Ukizima na kuwasha inakubali kwa sababu mara ya kwanza hewa nyingi imeshatoka. Kata bomba. Mwisho wake uzame sentimita 2 au 3, basi. Kipande kilicholala kipe mteremko, na kila kona ya 90 uibadilishe kwa mbili za 45.

Hilo peke yake litaondoa hatari. Kelele unaweza kuipunguza kwa mtindo wa Durso: tii (kiungo cha umbo la T) juu ya bomba, mdomo ukitazama chini ndani ya maji, kifuniko chenye tundu dogo la hewa. Lakini kwa inchi moja na pampu hiyo mimi nisingejisumbua. Una matundu mawili kwenye kioo, yatumie yote kushusha. Inchi moja iwe sifoni kamili, yenye geti valvu ya plastiki chini. Robo tatu iwe ya dharura: mdomo wake uwe sentimita 3 au 4 juu ya usawa wa kawaida wa kisanduku, isiwe na valvu, isiwe na chujio, na mwisho wake uishie juu ya maji ya sampu. Bomba la kurudisha lipite juu ya ukingo wa tangi. Wenzetu wanauita mtindo wa Herbie. Unafunga valvu kidogokidogo hadi kisanduku kitulie mahali pamoja na kelele ikatike.

Kisha jaribio ambalo watu hulikwepa: pampu ikizunguka, funga ile valvu kuu kabisa. Robo tatu peke yake ibebe maji yote bila tangi kufurika. Isipobeba, punguza pampu kwa valvu upande inakotoa maji, kamwe si upande inakovuta. Kujua unapitisha kiasi gani, elekeza bomba la kurudisha kwenye ndoo ya lita 20 na utazame saa. Ikijaa kwa sekunde 40 ni lita 1,800 kwa saa. Yale 3,000 ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote.

Usitoboe tundu jingine. Kioo cha chini mara nyingi kimepikwa kiwe kigumu, na kioo cha namna hiyo ukikigusa na dirili kinamwagika chote.

Valvu ya manjano sasa. Hiyo ni brasi, na brasi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Maji chumvi yataila taratibu. Samaki wanaivumilia shaba kiasi, hata kuna dawa ya vimelea inayotengenezwa kwayo na kutumika kwenye tangi la pembeni, lakini kamba, konokono na matumbawe inawaua. Fundi wako akikuletea bomba za PPR angalia na viungo vyake vya uzi: kile kipande kinachong'aa ndani ni brasi iliyopakwa nikeli. Tumia PVC ya gundi. Suuza, piga msasa, gundi, ikauke siku nzima kabla ya maji.

mama_matumbawe

Fundi hapo umemaliza, ila niongeze la huku Unguja.

Kaka wa Tabata, hebu pima chumvi kwanza. Umesema kila yakimwagika unajazia maji ya chujio. Yanayokauka kwa hewa yanaacha chumvi nyuma, hayo sawa kufidia kwa maji baridi. Yaliyomwagika sakafuni yameondoka na chumvi yake. Ndoo baada ya ndoo unalizimua tangi, na mimi matumbawe yaliyojikunja siyaoni kuwa ni habari ya viputo.

Jingine, bomba la sifoni lazima liwe na kizuizi cha konokono mdomoni. Huwa wanapanda kisandukuni usiku, na mmoja akiingia mpaka kwenye valvu, ndipo utajua ile robo tatu ni ya nini. Na wako watakaokushauri utoboe kitundu kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya uso wa maji, ili kivute hewa na kukata sifoni. Kinafaa, lakini kinaota ule mwani wa chokaa wa rangi ya waridi na kuziba bila wewe kujua. Ukikitoboa kisugue kila unaposafisha kioo. Mimi naamini kimo cha mdomo tu.

Cheki valvu yako ilowekwe kwenye siki usiku mmoja, maganda yatalainika. Ifungwe kwa yunioni, kiungo cha kufunguka kwa kuzungusha, pande zote mbili, isifungwe kwa gundi moja kwa moja.

mdau_tabata

Mama, nimepima. Uzito wa maji ukilinganishwa na maji baridi ni 1.021.

mama_matumbawe

Inatakiwa 1.025 au 1.026. Usiirudishe kwa siku moja, kaka. Isizidi 0.001 kwa siku: yanayokauka fidia kwa maji ya chumvi badala ya maji baridi, mpaka ufike. Kamba ndio wa kuhurumiwa hapo, hawapendi kupelekwapelekwa.

Na kama unachota baharini, usichote upande wa Selander, mto Msimbazi unatokea pale, na masika hii ndiyo kabisa. Nenda Kunduchi au Kigamboni, maji yakiwa yamejaa, si yakitoka.

abuu_maskati

Ndugu yangu, geti valvu za plastiki usizitafute kwenye maduka ya ujenzi. Ulizia wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea na vya umwagiliaji. Huku Maskati nazipata huko, za saizi zote. Boli valvu ya plastiki, ile ya kugeuza kishikio robo mzunguko, utaipata kwa urahisi zaidi lakini kwa kazi ya kutuliza sifoni inaudhi, ukiigusa kidogo imeshapita.

Halafu kuhusu umeme: watu wanakimbilia kuweka inveta kwa ajili ya pampu ya kurudisha. Kama una betri ndogo, iwashe pampu ya kuzungusha maji ndani ya tangi la juu, au hata ile ya hewa ya kutumia betri. Maji ya joto yanashika oksijeni kidogo, na samaki wako juu, hawako sampuni.

mdau_tabata

Wakuu, mrejesho.

Nilianza na mdomo wa kurudisha na kukata bomba la kushuka, siku hiyohiyo. Nikachomoa pampu: sampu imepanda hadi 30 na nusu. Fundi, ulisema 30. Umeme umeshakatika tena tangu hapo na sakafu ni kavu, na ukirudi maji yanashuka bila kunishughulisha.

Geti valvu ya plastiki niliipata kwa watu wa mabwawa kama alivyosema Abuu. Mtindo wa mabomba mawili umekwisha kufungwa. Kutuliza valvu kulinichosha, maana ukigeuza kidogo lazima usubiri kisanduku kifikirie. Sasa hivi kinachosikika sebuleni ni skima peke yake. Ile ya kufunga valvu kuu kabisa nimeifanya: robo tatu ikabeba, maji yalipanda juu kidogo ya meno yakasimama. Lakini inapiga kelele, mke wangu alitoka chumbani kuuliza kumetokea nini.

Chumvi imefika 1.023, matumbawe mawili yamefunguka. Viputo vimepungua sana ila havijaisha. Nini tena?

fundibomba_tanga

Kelele ya robo tatu usiirekebishe. Siku konokono akiingia ndiyo itakayomwamsha mama.

Sifoni ikituama kwa siku chache, mirija ikapata utelezi, utahitaji kuigusa valvu tena kidogo. Hilo la kawaida.

Viputo vilivyobaki: tazama chumba cha pampu jioni, kabla hujajazia. Maji yanayokauka yanapungua hapo tu, vyumba vingine havishuki kwa sababu ya vile vioo vya kugawa. Yakishuka sana pampu inavuta kimbunga chenye hewa. Kama kimo kiko sawa, paka maji kwenye viungo vya upande pampu inakovuta, na uangalie skima inamwaga wapi. Ikimwaga karibu na chumba cha pampu, igeuze itazame upande wa soksi.

mdau_tabata

Ni skima. Nimeigeuza, nawapa jibu kesho.

jembe_la_kale

Fundi, swali dogo kabla uzi haujafungwa. Kwa sisi wa maji baridi ile valvu ya manjano inafaa?

fundibomba_tanga

Una kamba au konokono humo?

jembe_la_kale

Kamba wapo. Wadogo wale wekundu.

fundibomba_tanga

Basi nenda kwa watu wa mabwawa.